Binti ameitwa chuo kusomea sayansi ya kompyuta: hasa huwa wanasoma nini?

MamaKondele (Kisumu):
Habari zenu. Binti yangu ameitwa chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta, miaka minne. KCSE alipata B ya hisabati na C+ ya fizikia. Hapa mtaani kila mtu ananiambia asome pakeji kwanza, miezi mitatu kabla ya kuripoti. Itamsaidia? Na huko wanafundishwa nini, kutengeneza kompyuta? Laptopu nayo ninunue ya aina gani?

Njoro_Baiti:
Mama, pakeji ni Word, Excel na kuchapa barua. Kufufua mashine iliyozima nayo ni kazi ya fundi. Digrii hii inashughulika na swali jingine: tatizo fulani latatuliwa kwa hatua zipi, ngapi, na mashine itazibebaje?

Mwaka wa kwanza hisabati ni nyingi: kalkulasi, matriksi, uwezekano, na ile ya mantiki, seti na grafu. Hii ya mwisho huwashtua hata waliopata A, kwa kuwa haina fomula ya kukariri, unatakiwa kuthibitisha. Chukua "mvua ikinyesha, barabara italowa". Kama mvua haikunyesha, kimantiki sentensi hiyo ni kweli, barabara ilowe isilowe. Asiyekubali hilo mapema atahangaika semesta nzima.

Sambamba kuna kuprogramu, yaani kuiandikia kompyuta maagizo, mara nyingi kwa lugha ya C au Python. Kwenye C, safu (orodha ya thamani zilizopangwa mfululizo) ya nafasi 10 huhesabiwa kuanzia 0 hadi 9. Ukiandika kwenye nafasi yenye namba 10, ambayo haipo, huenda C isikukemee: inaweza kuharibu kumbukumbu ya jirani, programu ikaendelea kana kwamba ni nzima, kisha ikaanguka mbali na penye kosa. Mwanafunzi anakesha akikagua mstari usio na hatia.

Kisiani_Ruti:
Naongezea: moyo wa digrii ni miundo ya data (namna ya kupanga data) na algorithimu (hatua za kutatua tatizo), kwa kawaida mwaka wa pili. Ukisaka jina moja kati ya 1,000,000 kwa kupitia moja moja, huenda ukayaangalia yote. Ukigawa orodha nusu kwa nusu, unalinganisha mara 20 hivi tu. Lakini sharti orodha iwe imepangwa. Wengi husahau sharti hilo, programu inajibu "hakuna" na jina lipo.

Kisha hifadhidata na mifumo endeshi (programu kuu kama Windows na Linux). Akaunti ina shilingi 1,000, maombi mawili ya kutoa 800 yafika kwa pamoja. Yote mawili yakisoma salio kabla lolote halijaandika, yote yatapita. Dawa ni kufuli: ombi moja limalize, jingine lisubiri. Mitandao, kompaila (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine) na usalama hufuata, kuna atachimenti (mafunzo kazini), na mwaka wa nne mradi. Hapo katikati atakutana na uthibitisho wa mwanahisabati Alan Turing wa 1936 kwamba yapo maswali ambayo programu yoyote haiwezi kuyajibu. Binafsi naona ndilo somo tamu kuliko yote.

MamaKondele:
Asanteni wanangu. Basi miezi hii mitatu afanye nini?

Njoro_Baiti:
Saa mbili kwa siku, C peke yake. Aanze na namba tasa hadi 100, ageuze safu kutoka mwisho kwenda mwanzo, apange namba, halafu asake kwa kugawa nusu. Kila programu aiandike kwa kalamu kwanza, achore jedwali la thamani za vigeu (majina yanayobeba thamani) kila lupu (hatua zinazorudiwa) inapozunguka, ndipo aichape. CAT (mitihani midogo ya katikati ya semesta) nyingi za kuprogramu huandikwa kwenye karatasi, na karatasi haimwonyeshi nukta-mkato aliyoisahau.

Anayenakili msimbo wa mtandaoni bila kufuatilia jedwali hilo hujiona anajua, hadi aulizwe kubadilisha mstari mmoja.

Kisiani_Ruti:
Laptopu: RAM ya GB 8, diski ya SSD ya GB 256. Ya GB 4 itakwama akifungua mashine pepe ya Linux, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya laptopu. Kadi ya michoro ya bei asinunue. Ex-UK (iliyotumika Uingereza) ni sawa, ila dukani iwasheni kwa betri pekee, bila chaja, nusu saa, na muingie BIOS, ile mipangilio ya ndani inayofunguliwa mashine inapowaka. Ikidai nenosiri msilolijua, iacheni hapo hapo. Kuweka Linux kutakuwa shida.