Vistari vya kulala kwenye Python: plot inaniungia vyote, nataka viachane

Ndoo_Tupu: Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Mtaani kwetu maji yanatoka kwa mgao, sasa tangu mwezi uliopita naandika kwenye daftari kila siku yamefunguliwa saa ngapi na yamekatika saa ngapi, nataka nichore grafu kwa matplotlib niende nayo kwenye kikao cha mtaa Jumapili. Kila siku iwe na kamstari kake kamelala, kaanzie yalipofunguliwa kaishie yalipokatika. Tatizo plt.plot ikimaliza siku ya kwanza inavuta mstari mpaka ya pili, halafu ya tatu, inakuwa zigizaga mwanzo mwisho. Nikajaribu axhline nikaiwekea xmin=5, xmax=9, hakuna kilichotokea. Data ziko hivi:

```
siku = [1, 2, 3]
anza = [5, 14, 22]
isha = [9, 17, 2]
```

fundi_kodi: Mkuu plot kazi yake ni kuunga nukta, ukiipa orodha moja itaziunga zote. Tumia hlines, yenyewe kila siku inaichorea kamstari kake:

```
plt.hlines(siku, anza, isha, lw=6)
plt.xlim(0, 24)
plt.yticks(siku)
plt.gca().invert_yaxis()
plt.show()
```

Hiyo ya mwisho kabla ya show inaiweka siku ya 1 juu, inasomeka kama kalenda. Na axhline imekugomea kwa sababu xmin na xmax zake sio saa, ni sehemu ya upana wa grafu kuanzia 0 mpaka 1, ukiandika 5 mstari unaangukia nje ya fremu.

MamaTakwimu: Ndugu yangu angalia siku ya 3 kabla hujaprinti! Maji yamefunguliwa 22 (saa 4 usiku) yakakatika 2 (saa 8 usiku), lakini hlines itachora kutoka 2 mpaka 22, itaonekana mmepata maji masaa 20 wakati ni manne tu, mtu akiliona hilo kikaoni hatakuamini tena hata kwenye mengine. Igawe: siku ya 3 iwe 22 mpaka 24, siku ya 4 iwe 0 mpaka 2. Siku moja ikiwa na vistari viwili haina shida, unairudia tu namba yake kwenye orodha.

fundi_kodi: Kweli kabisa, hapo nilipitiwa. Ukitaka kubaki na plot pia inawezekana, chomeka np.nan (thamani tupu ya numpy) katikati ya kila siku na siku, x = [5, 9, np.nan, 14, 17] na y = [1, 1, np.nan, 2, 2], ikifika kwenye nan inanyanyua kalamu.

Ndoo_Tupu: Asanteni sana, imekubali. Kuna sehemu kwenye daftari nilikuwa nimeandika saa 4 usiku nikaingiza 4 hivyohivyo badala ya 22, nimezirekebisha zote. Ila kuna siku maji hayakutoka kabisa na kwenye grafu hazina hata namba?

MamaTakwimu: Ni hiyo yticks(siku), inaandika siku zilizomo kwenye orodha tu. Weka plt.yticks(range(1, 31)) na plt.ylim(31, 0), hapo invert_yaxis iondoe. Siku zisizo na maji zitabaki na namba na mbele yake peupe, na hizo ndo za kuwaonyesha.