Naomba ushauri: kuvuka Kanaba kwa baiskeli, Kabale hadi Kisoro

Ndugu wanachama, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri, hasa kutoka kwa waliokwisha kupanda milima ya Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, kwa baiskeli ya mbio.

Mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, nakusudia kutoka Kabale hadi Kisoro kwa siku moja, nikipitia Muko na msitu wa Echuya, kisha nivuke Kanaba, pale barabara inapokatiza juu ya milima, na kuteremka kwenye kona zile kali zinazotazamana na mlima Muhabura. Barabara ni ya lami na umbali haufiki kilomita 100, lakini Kabale yenyewe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo pumzi hupungua hata kabla ya kuanza kupanda.

Gia yangu nyepesi kabisa ina meno 39 mbele na 25 nyuma. Nimefanya mazoezi miezi miwili kwenye vilima vya Mbarara, na kila mwinuko unaozidi dakika 20 magoti huniuma. Nimeinua kiti kidogo. Maumivu yamepungua, hayajaisha.

Je, nikiweka gia ya nyuma yenye meno 32 itatosha, au ni lazima ya mbele nayo ishuke hadi 34? Na kwa kuwa breki zangu ni za mpira unaobana rimu, mnazitumiaje katika mteremko mrefu kama ule, wenye malori yaendayo Bunagana, mpakani na Kongo, bila rimu kupata joto la kupasua tairi?

Nitashukuru sana.