Nimechoka na hii "mkataba ni mkataba": kesi za mafuta ya Iran na Ghuba zilikuwa usanii mtupu

Wakuu, salamu ndefu sina leo, nimekasirika. Kila ukianza mjadala wa gesi au madini lazima atokee mjuaji mmoja aseme "mkataba ni mkataba, ukiuvunja utakuwa kama Iran ya Mossadegh, yule waziri mkuu aliyetaifisha mafuta, wawekezaji watakukimbia". Muulize huo mkataba wa Iran aliusoma lini, anapotea. Basi leo tuuweke mezani.

Tarehe 28 Mei 1901. Mfalme wa Uajemi (ndiyo Iran ya leo), Mozaffar al-Din Shah, hazina imekauka, anadaiwa na Warusi. Linakuja ombi la William Knox D'Arcy, Mwingereza aliyetajirikia dhahabu ya Australia, ambaye mpaka anazikwa hakukanyaga Uajemi hata siku moja. Anapewa mafuta, gesi na lami kwa miaka 60, eneo karibu maili za mraba 480,000, yaani nchi nzima kasoro majimbo matano ya kaskazini ambayo waliyaacha ili Mrusi asinune. Malipo yake ni pauni 20,000 taslimu, hisa za pauni 20,000, na 16% ya faida halisi. Na huyo Mrusi mwenyewe inasimuliwa alivyochezewa: waziri mkuu Amin al-Sultan akataka ubalozi wa Urusi upewe taarifa, ikaandikwa barua kwa ule mwandiko wa Kiajemi wa kuunganisha, shikasta, ambao pale ubalozini aliyeweza kuusoma alikuwa mtu mmoja tu na muda huo alikuwa nje ya mji. Barua ikalala, huku mkataba ukasainiwa. Halafu mtu ananiambia nisome hilo karatasi kama msahafu.

Sa tuje kwenye hiyo 16%, maana hapa ndo pananiuma. Asilimia 16 ya faida halisi, sawa, ila anayepiga hesabu ya faida ni nani? Ni kampuni yenyewe. Mafuta yalipatikana Masjed Soleyman mwaka 1908, mwaka uliofuata ikaundwa kampuni ya Anglo-Persian, na 1914 serikali ya Uingereza ikanunua hisa 51% kwa sababu Churchill alitaka mafuta ya meli za kivita. Yaani mwenye kampuni ni serikali, mteja mkubwa ni jeshi la majini la serikali hiyohiyo, na bei waliyouziana ilikuwa siri ambayo Mwajemi anayelipwa kwa faida hakuruhusiwa kuiona. Ukiuza kwa ndugu yako kwa bei ya chini faida inashuka, ikishuka na 16% ya mwenzako inashuka, hii hesabu hata mtoto wa darasa la tano anaipiga.

Vita ikaja, 1915 bomba la mafuta likakatwa na watu wa makabila waliochochewa na maajenti wa Wajerumani, kampuni ikazuia malipo ya Uajemi na kudai fidia juu. Ugomvi ukafika 1920, wakakaa kusuluhisha. Aliyekaa upande wa Uajemi mnajua ni nani? Sydney Armitage-Smith, ofisa wa hazina ya Uingereza aliyepelekwa Tehran kuwa mshauri wa fedha. Mwingereza anajadiliana na Waingereza kwa niaba ya Uajemi jamani! Kesi ya nyani hakimu ngedere. Akawapatia Waajemi pauni milioni 1 kufuta madai yao ya nyuma, akakubali baadhi ya faida za kampuni tanzu zisiguswe, na bunge la Uajemi halikuwahi kuyapitisha makubaliano hayo.

Wale wa "serikali iliamka tu ikavunja", twende 1931. Mrabaha wa Uajemi, yaani hilo fungu lake la 16%, unaporomoka kutoka zaidi ya pauni milioni 1.2 mwaka wa kabla hadi kama laki 3. Mdororo wa dunia, ndio, najua, lakini nchi ambayo haioni vitabu itajuaje mdororo ni kiasi gani na ujanja ni kiasi gani? Novemba 1932 Reza Shah, mfalme wa wakati huo, akaufuta mkataba wa D'Arcy. Na hapa ndo nikaona kofia zinavyobadilishwa. Ukidai mrabaha zaidi unaambiwa hii ni kampuni binafsi, zungumza na wakurugenzi. Ukiufuta mkataba inatoka kofia ya serikali, Uingereza inakimbilia Shirikisho la Mataifa (lililotangulia UN) kule Geneva kwamba raia wake kaonewa. Raia gani, wakati mwenye hisa nyingi ni wewe mwenyewe?

Kesi haikufika mwisho, Beneš, waziri wa mambo ya nje wa Czechoslovakia, akawekwa kati, wakarudi mezani, Aprili 1933 ukasainiwa mkataba mpya. Eneo likapunguzwa, mrabaha ukawa shilingi 4 kwa tani pamoja na sehemu ya gawio, ila muda ukasogezwa mpaka 1993! Ule wa D'Arcy ungeisha 1961. Kikawekwa na kifungu cha 21 kwamba serikali haiwezi kuufuta, wala sheria yoyote ya baadaye haiwezi kuubadilisha. Yaani bunge ambalo wabunge wake hawajazaliwa limeshafungwa mikono. Waziri wa fedha aliyeusaini, Taqizadeh, alikuja kusema bungeni mwaka 1949 kwamba yeye alikuwa chombo tu, hakuwa na hiari. Huo ndo mnaouita ridhaa ya pande mbili?

1951 Mossadegh akataifisha. Kufikia hapo kodi ambayo kampuni ilikuwa inalipa London ilikuwa imepita kwa mbali mrabaha unaoenda Tehran, mafuta ya Iran mlaji mkubwa hazina ya Uingereza. Waingereza wakakimbilia Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague, na hoja yao, nawaomba msome polepole, ni kwamba mkataba wa 1933 ulikuwa na sura mbili, mkataba wa biashara na hapohapo mkataba wa mataifa kwa sababu Geneva ilihusika. Kofia zote mbili kichwani kwa mpigo! Tarehe 22 Julai 1952 mahakama ikasema hapana, kwa kura 9 kwa 5: ni makubaliano ya serikali na kampuni tu, Uingereza siyo sehemu yake, hatuna mamlaka ya kusikiliza. Na jaji Mwingereza, McNair, alipiga kura na wengi dhidi ya nchi yake, heshima kwake. Hii mbona hamuitaji mkimtaja Mossadegh mvunja mikataba?

Sa mlioshindwa mahakamani mtafanyaje, mnakamata meli. Meli ya Rose Mary ilibeba mafuta ya Iran mwaka huohuo, ikalazimishwa kuingia Aden, koloni la Mwingereza, na Januari 1953 mahakama ya pale ikasema mafuta ni mali ya kampuni. Mafuta ya Iran yalipofika Italia na Japani kampuni ikashitaki tena, mahakama za kule zikakataa kuyazuia. Kwa hiyo mafuta yaleyale yakishuka Aden ni ya wizi, yakishuka Japani ni halali. Hiyo ni sheria ya kimataifa au ni sheria ya bandari?

Mkiona Iran ni ya watu wakorofi, haya, njooni Abu Dhabi ambako Sheikh Shakhbut alikuwa mpole. Mwaka 1939 alitoa haki ya mafuta kwa miaka 75, baadaye ukazuka mgogoro kama sakafu ya bahari nayo imo. 1951 msuluhishi wa mwisho akawa Lord Asquith, jaji wa Kiingereza. Akasema mwenyewe kwamba mkataba umefanyika Abu Dhabi na utatekelezwa Abu Dhabi, kwa hiyo ingefaa itumike sheria ya Abu Dhabi, lakini sheria kama hiyo haipo, ni ndoto kudhani eneo la kishamba namna ile lina kanuni za kutafsiri mikataba ya kisasa. Badala yake akatumia misingi ya busara ya mataifa yaliyostaarabika, ambayo kwa bahati nzuri ilifanana sana na sheria ya Uingereza! Mzee, mambo ya kuuziana, kukodishana na ushirika wanazuoni wa Kiislamu wameyaandikia milango na milango kwa karne nyingi, mwanafunzi wa madrasa ya mjini Unguja angemfundisha. Ndio, Sheikh alishinda kwenye sakafu ya bahari iliyo nje ya maji ya nchi yake, najua mtanirukia na hilo. Lakini alishinda kwa sheria ya nani?

Ndo maana Saudia, baada ya kushindwa na Aramco, kampuni ya mafuta ya Wamarekani, kwenye usuluhishi wa 1958, walipiga marufuku mwaka 1963 taasisi zao za serikali kwenda kwenye usuluhishi bila ruhusa. Na ndo maana ile sheria yetu ya mali asili ya 2017 hapa Tanzania iliyokataza migogoro hiyo kupelekwa nje siyo wazimu kama mlivyoicheka, unaweza kubisha utekelezaji wake, na mimi nabisha, ila usiseme hoja haikuwepo.

Mwisho wa Iran mnaujua, Agosti 1953 Mossadegh akapinduliwa, London na Washington zikiwa nyuma. 1954 likaja kundi jipya la makampuni: BP (ndiyo ileile Anglo-Persian kwa jina jipya) 40%, Wamarekani 40%, Shell 14%, Wafaransa 6%. Faida nusu kwa nusu, ila wakaguzi wa Iran hawakupewa vitabu. Tena! Miaka zaidi ya 50 baada ya D'Arcy bado mwenye mafuta haoni hesabu, na Iran hiyohiyo ikaambiwa iilipe kampuni fidia ya pauni milioni 25.

Wale wa "mkataba ni mkataba" nawasubiri hapa. Njooni na vifungu, siyo misemo.