Naomba ushauri: kupima dopamini kwa watu wenye afya, kichwa kinatushinda

Wakuu, shikamooni. Tuko Moshi, tunapanga kupima visafirishaji vya dopamini (protini za ubongo zinazoirudisha dopamini, kemikali ya kupitisha ujumbe, ndani ya seli) kwa watu wasio na ugonjwa, kwa ioflupani, dawa ya sindano inayonata kwenye visafirishaji hivyo, yenye iodini-123 ya mionzi. Nusu-uhai wake (muda wa mionzi kupungua nusu) ni saa 13: ikikaa njiani saa 26 inabaki robo, kwa hiyo ili mtu apate megabekereli 185 (kipimo cha mionzi) lazima ziondoke kiwandani 740. Tezi ya shingo tutaikinga kwa iodidi ya potasiamu kabla ya sindano, isifyonze iodini hiyo ya mionzi. Picha saa 3 hadi 6 baadaye. Wanaotumia bupropioni au methilfenidati hatuwachukui, dawa hizo huziba visafirishaji.

Shida ni kichwa. Kikilala upande kidogo tu, striatamu moja (sehemu ya ndani ya ubongo yenye visafirishaji vingi, ipo kila upande) hutoka hafifu, unadhani ni ugonjwa wa Parkinson kumbe ni mto. Mnakibana kwa mkanda au povu? Na kwenye picha, upande wa kisogoni, eneo la kulinganishia (lenye visafirishaji vichache) mnalichora kubwa kiasi gani?