Kulala usiku mmoja juu ya jukwaa linaloelea kwenye matumbawe

Mkazi wa Kigamboni
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mke wangu tunakaribia kutimiza miaka 10 ya ndoa, na tungependa kulala usiku mmoja kwenye jukwaa linaloelea penye matumbawe, kama lile la Hardy Reef huko Australia. Je, ni lazima twende mbali hivyo, na je, mtu asiyejua kuogelea ataufurahia usiku huo?

Binti Pwani
Hongereni sana, kaka. Hapa kwetu, Pemba, tangu 2013 kipo chumba kinachoelea chenye ghorofa tatu, ambacho sehemu yake ya kulala iko takribani mita 4 chini ya maji, hivyo asiyeogelea huwaona samaki akiwa kitandani. Nilipolala humo, ngisi mmoja aliyevutwa na taa alikaa karibu na kioo, ngozi yake ikigeuka kutoka nyeupe hadi kahawia kila alipopumua, nami sikupata usingizi hadi alfajiri, wala sijutii. Gharama ni kubwa, basi anzeni kuweka akiba mapema.

Mvuvi wa Kunduchi
Naongeza kwamba matumbawe mengi hutanua minyiri yake usiku ili kunasa chakula, kwa hiyo yatazameni kwa makini. Msiende wakati wa masika, na chagueni siku za maji mafu, yaani maji yasipopanda na kushuka sana, kwa sababu bamvua, yaani maji yanapopanda na kushuka sana, huleta mkondo mkali. Shemeji avae jaketi la kuokolea kila anapokuwa sitahani, hata bahari ikiwa shwari.