Familia ya Mtae: gari la Bibi

*Alhamisi*

06:12 Zuhura: Assalaam aleykum familia. Nimeandika juzi, nimeandika jana, leo naandika tena. Kliniki ya Bibi ni tarehe 28. Mwezi uliopita kashushwa Lukozi kwa bodaboda, mvua inamnyeshea, goti limefungwa kanga. Hiyo picha haijanitoka kichwani. Kuna mzee Korogwe anauza Prado 95, namba B, dizeli, ingini 1KZ. Anataka milioni 19, mazungumzo yapo. Tuko kumi humu ndani. Naomba kila mtu aseme neno leo.

06:13 Zuhura: 📷 Picha 4

06:41 Zuhura: Tiki za bluu ni saba. Nawaona.

07:55 Rukia: Waaleykum salaam dada. Nimeona. Hiyo kijani nzuri.

07:58 Hamza: Ina sehemu ya kuweka dumu la maji?

07:58 Mwajuma: 😂😂

08:01 Kibwana: 😂😂😂 La njano au jeupe?

08:02 Hamza: La njano, lile lile la Soni. Mjomba atakuja nalo

08:06 Zuhura: Hamza mdogo wangu, Bibi anaumwa. Tuongee gari.

08:15 Hamza: Sawa dada, samahani.

08:17 Hamza: 🎤 Sauti 2:14

08:19 Zuhura: Niko kwenye daladala, sisikii kitu. Andika.

08:34 Hamza: Nilikuwa nasema hivi. Mimi nimekaa na Prado 120 ya ingini 1KD miaka minne hapa Dodoma. Ni tamu barabarani, ina nguvu, inakula mafuta kidogo. Lakini nozeli zake, zile zinazonyunyiza dizeli kwenye ingini, hazitaki dizeli chafu hata tone. Nilinunua dizeli ya madumu njia ya Kondoa, nilikuwa sina jinsi, sheli ilikuwa mbali. Wiki mbili baadaye nawasha asubuhi, inagonga kama mtu anapasua kuni uani. Nozeli zote nne zilikwenda, na milioni tatu zangu juu. Kwa hiyo kama hiyo ya Korogwe ni 1KZ, mimi naiona ni salama zaidi kwa kule kwetu. Pale Lukozi dizeli inauzwa kwenye chupa.

08:40 Kibwana: Mkiweza kusubiri, tafuteni mkonga, ile Land Cruiser Hardtop. Kazini huku Mwanza tunazo mbili, ingini 1HZ. Lita 4.2, silinda sita, haina tabo, haina kompyuta ya kukusumbua. Moja imepita kilomita 600,000 na ingini haijafunguliwa. Mlima inapanda taratibu kama mzee anayekwenda msikitini, ila inafika.

08:44 Zuhura: Kibwana, bei?

08:52 Kibwana: Iliyo nzima chini ya milioni 45 hupati.

08:53 Zuhura: Basi tunaongea nini?

08:55 Kibwana: Nasema tu dada. Halafu kweli nyuma inarusha. Goti la Bibi halitapenda.

09:20 Rukia: Lakini jamani, kijani. Bibi na Usimba wake atapanda gari la kijani?

09:21 Mwajuma: Weee! Juzi kanikatalia kanga kwa sababu ina njano 😂

09:22 Kibwana: Tulipake rangi nyekundu kabla halijapanda mlima

09:22 Hamza: Wananchi oyeee 💚💛

09:24 Rukia: Hamza toka humu 😂

09:31 Kibwana: Jumapili mtalia nyie

10:05 Zuhura: Nimeshuka kwenye daladala nakuta ujumbe, yote mpira. Mwenye gari kanipigia, kuna mtu kutoka Handeni analiangalia kesho kutwa. Milioni mbili mbili kwa mtu, watu wanane tu wakitoa ni 16, hapo tunaongea naye. Mimi yangu ipo. Nani mwingine?

11:30 Zuhura: Nani mwingine?

12:02 Mjomba Shabani: Hiyo gari msinunue. 1KZ ni ingini ya kupasua hedi, kile kichwa cha ingini. Mimi ilinifia mikononi, nazungumza ninachokijua.

12:09 Zuhura: Shikamoo Mjomba.

12:10 Mjomba Shabani: Marahaba.

12:17 Zuhura: Mjomba, kwa heshima zote. Ile ya 2016 ilikuwa gari letu sote. Tangu pale Mombo Mwajuma alikwambia mshale wa joto umepanda. Ukamjibu mshale ndio mbovu. Mkapanda nayo hivyo hivyo, watu tisa na magunia, hadi juu ya Soni ikazima yenyewe. Silinda hedi nilinunua mimi, 2,400,000, hela ya ada yangu ya mwaka wa pili. Miezi mitatu baadaye nasikia gari limeuzwa vipande vipande. Sikuona hata mia.

12:18 Zuhura: Nilirudia mwaka.

12:31 Mjomba Shabani: Zuhura mwanangu hayo yalishaisha. Mbele ya watoto si vizuri.

12:33 Zuhura: Watoto gani Mjomba, Mwajuma ana watoto wawili.

13:48 Athumani Fundi: Ndio natoka chini ya gari, nimesoma yote. Shikamooni wakubwa. Naomba niseme kama fundi. 1KZ si ingini mbaya. Bloku yake chuma, hedi aluminiamu. Ikichemka vibaya mara moja tu, hedi inapinda, au inachanika katikati ya valvu, nyufa nyembamba kama unywele. Kinachoiua ni maji matupu badala ya kulanti, ile dawa ya kupozea ingini, na sisi mafundi wenyewe tunaotoa thamostati, kidude kinachosimamia joto la ingini, eti gari lipoe. Ile ya Soni niliifungua mimi. Nilipokata rejeta, nusu ya njia zimeziba kutu na tope, nyekundu kama udongo wa kwetu. Ile gari ilikuwa inaumwa mwaka mzima kabla ya siku ile. Mjomba alikosea kupanda nayo, ndiyo. Lakini hakuanza yeye.

13:50 Athumani Fundi: Yale maji ya mtoni nani alikuwa anayajaza kila Jumamosi akiosha gari, mimi sisemi.

13:52 Rukia: Mungu wangu.

13:53 Kibwana: Hamza?

14:20 Kibwana: Hamza upo?

14:26 Zuhura: Athumani, miaka yote hii hukusema?

14:40 Athumani Fundi: Dada, siku ile hakuna aliyeniuliza. Mlikuwa mnagombana.

16:05 Mwajuma: Jamani ni mimi Mwajuma, ila maneno ni ya Bibi. Nilikuwa namsomea, kasema niandike kama anavyotamka.

16:06 Kibwana: Shikamoo Bibi

16:06 Rukia: Shikamoo Bibi 🙏

16:06 Tatu: Shikamoo Bibi

16:07 Juma Arusha: Shikamoo Bibi yangu

16:07 Mama Mkubwa: Shikamoo mama

16:14 Mwajuma: "Marahaba wanangu. Nimesikia mnataka kuninunulia gari kwa ajili ya goti. Nimefurahi. Babu yenu alipougua alibebwa kwenye machela hadi Lukozi, vijana wanane wanapokezana, akaniambia njiani anasikia baridi miguuni. Kwa hiyo gari nalitaka, msidhani silitaki. Lakini lile la kwanza nililipanda mara nne tu. Baada ya hapo Shabani hakai chumba kimoja na Zuhura. Eid tatu Zuhura hajaja nyumbani, anasema kazi. Mimi si mtoto. Shabani, ile hela ya mwanangu irudi, hata kidogo kidogo. Na aliyekuwa anajaza maji aseme mwenyewe. Msiponisikia, gari mkilileta nitaliangalia kutoka mlangoni, nitapanda Noah ya kila siku."

16:15 Mwajuma: Amemaliza. Amekwenda kuswali.

16:50 Mama Mkubwa: Tumesikia mama.

17:22 Mjomba Shabani: *Ujumbe huu umefutwa*

17:40 Mjomba Shabani: Nimesikia mama. Zuhura nitakupigia usiku.

17:41 Zuhura: Sawa Mjomba. Simu nitaiacha wazi.

18:30 Juma Arusha: Mimi nina milioni moja mwisho wa mwezi. Nyingine Mei.

18:33 Tatu: Laki tano kwa sasa

18:35 Zuhura: Asante Juma, asante Tatu. Nimeandika. Rukia?

18:58 Rukia: Naongea na mume wangu kwanza dada.

19:10 Zuhura: Athumani, unaweza kwenda Korogwe Jumamosi? Mwenye gari anasema Jumamosi au asituahidi.

19:26 Athumani Fundi: Jumamosi nimeshika gari la mtu, nimelifungua giaboksi. Labda Jumapili alfajiri. Nitakachofanya ni hiki: nafungua mfuniko wa rejeta ingini ikiwa baridi, nawasha, naangalia. Mapovu yakitoka mfululizo, na paipu ya juu ikawa ngumu mapema, tunaaga tunaondoka. Chini ya mfuniko wa oili nikikuta kitu kama maziwa, vile vile. Mkanda wa taimingi, asipokuwa na ushahidi ulibadilishwa lini, mimi nahesabu haujabadilishwa. Huo unatakiwa kila kilomita 100,000, ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Difu loki ya katikati, ile inayofunga matairi ya mbele na ya nyuma yazunguke pamoja, naijaribu, huko kwetu masika bila hiyo mtalala njiani. Halafu akikubali tunalipandisha Mombo hadi Soni, watu watano ndani, macho kwenye mshale.

19:29 Zuhura: Akikataa kulipandisha?

19:30 Athumani Fundi: Basi ametujibu.

19:44 Kibwana: Na yule wa Handeni?

19:47 Zuhura: Nitamwomba mzee atusubiri hadi Jumapili. Sina uhakika.

21:15 Hamza: Nilikuwa na miaka 17. Mto ulikuwa karibu, kulanti ilikuwa Lushoto. Mjomba alinipa hela ya kulanti mara mbili, nikaila. Dada nimekutumia 300,000, angalia simu. Nyingine nitaleta.

21:16 Hamza: Mjomba nisamehe.

21:38 Mwajuma: Bibi ameshalala. Nitamsomea asubuhi.

22:04 Athumani Fundi: Zuhura, ukiongea na huyo mzee mwambie siku nitakayofika asiliwashe gari. Nataka nilikute baridi.