Mrejesho: zile spika za bedsita
Wadau, mnakumbuka nilikuwa natafuta spika ndogo za kutengenezea biti hapa kwangu Manyatta, Kisumu, nikakwama kati ya Edifier R1280T na PreSonus Eris E3.5? Nimechukua Eris, zimetumika lakini safi, amplifaya iko ndani ya moja, hiyo nyingine unaiunga tu na waya, halafu hedifoni zinaingia hapo mbele na hiyo imeniokoa usiku juu jirani ana mtoto mchanga. Besi ya chini kabisa sahau, zikishuka zinaishia kama 80Hz, kiki (ule mdundo mzito wa ngoma) naikagua na hedifoni. Zikiwa zimebanwa ukutani sauti ilikuwa inavimba, nikazivuta mbele nikapunguza kile kinobu cha besi huko nyuma, sasa gitaa la benga nasikia kila uzi. Aliyesema niziinue zifike usawa wa masikio, asante sana bro, nimeweka matofali na vipande vya godoro juu.